Nusu ya Somo la Sumu

Wanafunzi walimwita Bi Sumu, na wala hakuchukia. Katika chuo kile cha maabara kila mwalimu alikuwa na jina la kichinichini, na mwenzake wa somo la minyoo alikuwa na lake ambalo haliandikiki hapa. Bi Sumu alifundisha bakteria na sumu zao. Alizipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira, na kila mwaka siku ya kulinganisha sumu darasa lilijaa hadi waliokwisha kufaulu wakarudi kusimama nyuma.

Siri ya kujaa huko haikuwa yeye. Ilikuwa mumewe, fundi wa mitambo wa chuo hicho hicho, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Siku hiyo alivua ovaroli, akaazima koti jeupe, akasimama mbele ya darasa kuigiza mdudu, yaani bakteria. Mdudu wa kwanza alikuwa wa pepopunda, anayetema sumu yake nje, nayo ikapanda kwenye mishipa ya fahamu. Hapo Fundi alikakamaa mwili mzima, meno yamebana, mgongo umepinda. Wa pili alikuwa yule wa chakula cha kopo lililovimba. Sumu yake ni ndugu wa damu wa ile ya pepopunda, lakini tabia ni mbingu na ardhi: ile inabana, hii inalegeza. Fundi alilegea kope, akalegea taya, akalegea magoti, akateleza chini ya meza na kubaki huko. Wa tatu wa kipindupindu, ambaye sumu yake haina habari na misuli, inafungulia utumbo kama bomba na kuuacha wazi. Kwa huyo Fundi alikimbilia mlangoni ameshika suruali kwa nyuma, na darasa likavunjika mbavu.

Lakini aliyesubiriwa alikuwa wa mwisho. Huyo hakuwa na cha kutema. Sumu yake ilikuwa imeshonwa kwenye koti lake la nje, sehemu ya mwili wake, na maadamu yu hai ilimtoka kidogo kidogo tu. Fundi alisimama mpole, mikono mifukoni, akitabasamu kama mgeni aliyekuja kusalimia. Bi Sumu alitangaza kwamba sasa anampa dawa, akamnyooshea kalamu. Basi Fundi akafa. Alikufa kifo kirefu, cha kuzunguka darasa zima, na kila alipogonga meza mfuko mmoja wa koti ulimwaga vijikaratasi vya duara vya ile mashine ya kutobolea karatasi, alivyokuwa akivikusanya nyumbani mwaka mzima ndani ya bati la maziwa. Vilienea sakafuni, kwenye nywele za watu, kwenye madaftari. Mdudu kafa, aliwaambia Bi Sumu, na sumu ndiyo kwanza imetoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Wanafunzi waliandika methali hiyo kwenye mtihani, naye akawapa maksi.

Mwaka huu Fundi hakuwepo. Alikuwa amekufa, na aliyemuua alikuwa huyo huyo mdudu wa mwisho.

Ilianzia kwenye mkojo, ikapanda kwenye figo, ikaingia kwenye damu. Bi Sumu aliporudi kutoka kazini siku moja alimkuta Fundi anatetemeka chini ya mablanketi, na alipomfikisha hospitali aliwaambia madaktari wamwanzishie dawa ya mshipa papo hapo, bila kungoja majibu ya maabara. Walimsikiliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi hiyo, na kwa kuwa alikuwa sahihi. Dawa ilifanya kazi vizuri kabisa. Damu iliyochukuliwa baadaye, ilipooteshwa maabara, haikuota mdudu hata mmoja. Wakati huo presha ya Fundi ilikuwa imekwisha kuporomoka, figo zimesimama, na akafa akiwa na damu safi.

Tangu hapo Bi Sumu alikuwa amekufa ganzi. Hakulia hospitalini, hakulia makaburini, na majirani walisema yule mwanamke ana macho makavu. Hawakukosea. Yeye mwenyewe alijichungulia kila asubuhi akitafuta huzuni, akakuta tu mambo ya kufanya: kufua, kupika, kusahihisha mitihani. Chai ya moto aliinywa bila kujua ni ya moto. Siku ya somo la kulinganisha sumu ilipofika aliingia darasani na kalamu ya ubao, akachora jedwali lenye safu mbili, sumu za nje na sumu ya ndani, akalijaza mstari kwa mstari, akafuta ubao, akatoka. Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza swali. Msafishaji alimwambia baadaye kwamba mwaka huu darasa limebaki safi, kisha akashika mdomo kwa aibu, na Bi Sumu akamwambia asijali. Alimaanisha hivyo.

Nyumbani alibaki na mama mkwe. Mama alikuwa amehamia kwao zamani, sukari ilipoanza kumsumbua, na baada ya msiba hakuna aliyezungumzia suala la kuondoka. Walikuwa wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, wakipishana koridoni kwa adabu. Mama alikuwa mwanamke wa maneno. Ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Lakini tangu mwanawe azikwe aliutumia kwa vitu vidogo tu, chumvi, mlango usiofungwa, redio ya jirani.

Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda chini ya kidole gumba. Sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake, kwa hiyo alikanyaga kitu chenye ncha na asijue, akatembea nacho, akajua tu alipoona soksi imelowa. Daktari wa kliniki alimwambia kidonda kinachouma mtu hukilinda, cha kuogopa ni kisichouma. Akampa vidonge vya antibiotiki vya kumeza kwa wiki kadhaa. Mama alivimeza kwa utiifu, huku akinung'unika kwamba ni vikubwa kama vya kutibu ng'ombe, na kidonda kikaanza kunywea.

Ndipo jioni moja, wakimenya vitunguu, Mama aliuliza. Aliuliza bila kuinua macho. Madaktari walisema dawa iliua wadudu wote, sivyo? Si walisema damu ni safi? Basi mwanangu alikufa na nini?

Hapa Bi Sumu alifanya kosa, na lilikuwa kosa la mwalimu. Mtu mwingine angesema ni mapenzi ya Mungu, au angesema hajui, na vitunguu vingeendelea kumenywa. Yeye aliulizwa swali la somo lake, akajibu somo lake. Alimkumbusha Mama lile bati la vijikaratasi. Alimweleza jinsi sumu ya wale wadudu ilivyo kwenye koti lao, jinsi dawa inavyowapasua, jinsi wanavyokufa na kuimwaga yote. Alieleza kwa sauti tulivu, kwa mpangilio, na alipomaliza aliuliza kama ameeleweka.

Mama alikuwa ameelewa sana. Kesho yake aliacha vidonge.

Alipoulizwa, alisema hana haja ya kupasua kitu ndani ya mwili wake. Wadudu wa mguuni wamekaa zao, hawaumi, hawasemi, na yeye hataki kuwachokoza wamwage walichobeba. Mwanawe alichokozewa, na matokeo kila mtu aliyaona. Bi Sumu aliposema kwamba mambo si hivyo, Mama alimuuliza kama yale ya jana yalikuwa uongo, na Bi Sumu hakuweza kusema yalikuwa uongo. Wifi yake, binti wa Mama aliyeolewa mbali, alipiga simu akabembeleza, akakaripia, mwisho akasema sikio la kufa halisikii dawa. Mama alimjibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu katika familia hiyo ni yeye, na guu linalozungumziwa ni lake pia, kwa hiyo kila kitu kiko mahali pake. Akakata simu.

Kidonda kilifungua mdomo tena. Wekundu ukatambaa juu ya unyayo. Daktari wa kliniki alipouona alimvuta Bi Sumu pembeni, akamwambia wazi kwamba akiendelea hivi atakatwa, na hawatakata kidole, watakata chini ya goti, na kwa umri wake na sukari yake huenda asiamke mezani. Bi Sumu alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Aliyaelewa maneno yote. Alijua kwamba huyu ndiye mtu pekee aliyebaki ndani ya nyumba yake, na kwamba anakwenda kumpoteza, na alijua kwamba angepaswa kuogopa. Alisubiri hofu ije. Haikuja, akamshukuru daktari, akamshika Mama mkono wakaondoka.

Kilichomzindua kilikuwa swali la kijinga, na maswali ya kijinga yana heshima yake. Katika kipindi cha marudio mwanafunzi mmoja wa mstari wa nyuma, anayejulikana zaidi kwa kulala, alinyoosha mkono akauliza: kama dawa inamwaga sumu, si bora tuwaache hao wadudu? Darasa lilicheka. Bi Sumu alijibu bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka. Alisema kwanza, wengi wa wadudu wenye sumu kali hawana hilo koti kabisa. Hao hutengeneza sumu na kuitema nje wakiwa hai, kama kiwanda; ukiua mdudu umefunga kiwanda. Pili, hata hao wenye koti, sumu yao inategemea wingi. Ya mdudu mmoja mmoja si kitu. Kadiri unavyowaacha ndivyo wanavyozaana, na siku utakayolazimika kuwaua watakuwa na makoti mengi ya kumwaga. Kwa hiyo unawaua mapema.

Hapo akajisikia mwenyewe. Alikuwa amemfundisha Mama nusu ya somo.

Nyumbani hakujaribu kumalizia nusu ya pili kwa mdomo. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kuharibu vya kutosha, na Mama alikuwa ameziba masikio. Badala yake alimpa ahadi. Siku ya mapumziko, chuo kikiwa kitupu, watakwenda maabara wote wawili, atachukua usaha wa kidonda mbele ya macho yake, na Mama atawaona wadudu wake yeye mwenyewe. Wakitiwa dawa ya rangi hugawanyika mara mbili, alimweleza. Wenye koti la sumu hutoka waridi. Wasio na koti hutoka zambarau.

"Wa mwanangu walikuwa rangi gani?" Mama aliuliza.

"Waridi."

Mama alivuta uzi wa kanga yake. Kisha akasema kwamba kama wake ni zambarau atameza vidonge. Wakiwa waridi, watu wasimsumbue tena mpaka anaingia kaburini. Bi Sumu alikubali. Alijua ni mapatano mabaya, kwa sababu vidonda vya namna ile mara nyingi hukaliwa na mchanganyiko, lakini hakuwa na mapatano mengine.

Walifika mchana. Mama alipanda ngazi kwa fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache kulaumu aliyejenga. Maabara ya wanafunzi ilinuka spiriti na sabuni. Bi Sumu alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akavaa glavu, akafungua bandeji. Alizungusha kijiti cha pamba ndani kabisa ya kidonda. Mama aliangalia mguu wake ukichokonolewa kama anaangalia mguu wa mtu mwingine.

"Sisikii kitu," alisema.

"Najua, Mama."

Alifunga kidonda upya, akavua glavu, akanawa. Alikuwa amekwisha kupaka usaha kwenye kioo na kuuacha ukauke. Sasa aliwasha taa ya spiriti na kukipitisha kioo juu ya moto ili wadudu wagande. Wanafunzi hutumia koleo. Yeye tangu ujana wake alikishika kioo pembeni kwa vidole, akakipitisha haraka haraka mara chache, na hakuwahi kuungua. Siku hiyo alikipitisha, kisha akakiacha juu ya moto akiwa anatazama nje ya dirisha, ambako hapakuwa na cha kutazama. Aliposikia harufu alikiondoa. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa nyeupe. Aliitazama, akaendelea na kazi.

Akamwaga rangi ya zambarau, akangoja, akasuuza. Akamwaga ayodini ya kuishikiza, akangoja, akasuuza. Mama aliuliza kila chupa ni ya nini, naye akajibu kwa ufupi. Kisha spiriti, na hapo ndipo penye kesi, alimwambia: wale wasio na koti wana ukuta mnene, wataing'ang'ania zambarau yao hata uwaoshe vipi. Wale wenye koti wataiachia yote. Ndiyo maana mwisho tunawapa nyekundu, ili wasibaki bila rangi.

"Kwa hiyo hao wa koti ndio wanaokubali kila kitu," Mama alisema. "Wapole."

"Wapole, Mama."

"Ndio wabaya siku zote."

Kioo kikakauka. Bi Sumu alikiweka kwenye hadubini, akadondosha tone la mafuta, akainama. Zambarau zilikuwepo, na zilikuwa nyingi: vijidude vya mviringo vilivyokusanyika mafungu mafungu kama zabibu, vimejaa kila upande alikosogeza kioo. Hao ni watemaji, alijua, wa kiwanda cha nje, na wakifa wamekwisha. Alisogeza tena. Pembeni, kati ya mabaki ya seli, kulikuwa na vijiti vya waridi. Akavihesabu bila kutaka. Havikuwa vingi, lakini vilikuwepo, na popote aliposogeza alikuta kimoja kimoja.

Tuseme ukweli: haikuwa kazi ngumu kudanganya. Mama hakuwahi kuona hadubini maishani. Kusogeza kioo kidogo tu mpaka kwenye fungu la zabibu tupu, kumwita, kumwonyesha, na vidonge vingemezwa jioni ile ile. Bi Sumu alikuwa na mkono kwenye kitasa cha kusogezea kioo. Alifikiria hivyo kwa baridi kabisa, kama anafikiria mtihani wa mtu mwingine, na hakuona sababu ya kutofanya. Kisha akamkumbuka Fundi amesimama mbele ya darasa, mikono mifukoni, mpole kama asiyeficha kitu, akingoja apewe dawa. Aliviacha vijiti vya waridi pale pale katikati.

"Njoo uone, Mama."

Mama alikuja kwa fimbo, akainama, akalalamika kwamba anaona kope zake mwenyewe. Bi Sumu alimwelekeza afumbe jicho jingine na asogee karibu. Mama alishika meza kwa mikono miwili.

"Hawa kama zabibu ni zambarau."

"Ndiyo."

"Na hivi vijiti?"

Bi Sumu alianza kufuta tone la mafuta lililodondoka mezani.

"Ni waridi," Mama alisema mwenyewe, bado ameinama. "Ndio wale wale?"

"Ni wa ukoo huo huo. Ndiyo."

Mama aliinuka taratibu, akarudi kitini. Hakuonekana kushangilia ushindi wake. Alisema tu kwamba basi, mapatano ni mapatano.

Bi Sumu alivuta kiti akakaa mbele yake, akamweleza nusu ya pili ya somo. Hakuwa na jedwali. Alisema zabibu wale ni wengi, na hao ndio wanaoula mguu kwa kutema sumu mchana na usiku. Ukiwaua wanaacha kutema, basi. Vijiti ni wachache na wako kwenye kidonda, hawajaingia kwenye damu. Wakiuawa leo, kile kitakachomwagika mwili utakimaliza bila mwenyewe kujua. Lakini wakiachwa watazaana. Watapanda. Na siku watakapofika kwenye damu, yeye Bi Sumu atawaambia madaktari wawaue, kama alivyowaambia kwa Fundi, na sumu ya wadudu mamilioni itamwagika kwa mkupuo mmoja.

"Ulijua?" Mama aliuliza. "Siku ile unawaambia wamtundikie dawa. Ulijua watapasuka?"

"Nilijua."

"Na ukasema wampe."

"Nikasema. Wasingeuawa wangemmaliza siku ile ile. Hapakuwa na njia nyingine, Mama. Haikuwa dawa iliyomuua. Walikuwa wamekwisha kuwa wengi."

Mama alitazama bandeji yake.

"Kwa hiyo alichelewa."

"Alichelewa."

"Kama angeanza wakati ni mkojo tu?"

"Vidonge tu vingetosha. Kama hivi vyako."

Hapo Mama alifunika uso kwa kanga, na kutoka ndani ya kanga akasema jambo ambalo Bi Sumu hakulitegemea. Alisema Fundi alimwambia. Wiki nzima kabla ya kuanza kutetemeka alimwambia mama yake kwamba haja ndogo inamchoma, na akamsihi asimwambie mkewe, kwa kuwa huyo mwanamke akisikia atamtia kwenye chupa na kumwonyesha darasani. Walicheka wote wawili. Mama alimwambia anywe maji mengi, akanyamaza kama alivyoombwa.

"Nilifurahi," alisema Mama. "Ndicho kinachoniua. Nilifurahi kwamba ameniambia mimi na si wewe. Uliponieleza kwamba dawa ndiyo iliyowapasua, nikalala usingizi siku hiyo. Nikasema basi, si mimi."

Bi Sumu alimtazama yule mwanamke mzee aliyejikunja kitini, na kitu kikamjia ambacho hakukitambua mara moja kwa jinsi kilivyokuwa kimepotea. Kilikuwa hasira. Alitaka kumtikisa, akataka kumpigia kelele kwamba yeye, mkewe, alilala kitanda kimoja na mtu anayeungua na kuta zote za nyumba zilijua isipokuwa yeye. Alimkasirikia Mama. Halafu alimkasirikia Fundi, mjinga yule, mcheshi yule, aliyekufa kifo kifupi baada ya kufanya mazoezi ya kirefu kila mwaka.

"Ungeniambia, Mama," alisema.

"Ningekuambia."

Aliinuka azime taa ya spiriti, maana hakujua afanye nini na mikono yake. Alipogusa kifuniko, kidole kilimchoma hadi kwenye kiwiko. Alikirudisha kifuani. Maumivu yalikuja wimbi juu ya wimbi, makali, ya kitoto, na akajikuta anasema mama, mama, mama, kama anavyosema kila mtu aliyeungua.

Mama aliondoa kanga usoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeungua."

"Saa ngapi? Taa hukuigusa sasa hivi."

"Tangu saa zile. Wakati nakausha kioo."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia."

Mama aliisahau fimbo yake. Alivuka maabara akichechemea kwenye ule mguu usiojua kitu, akamkamata mkono, akamburuta hadi kwenye sinki, akafungua bomba na kushikilia kidole chini ya maji. Ncha ilikuwa imevimba lengelenge, na zambarau ya rangi ilikuwa imeingia pembeni ya kucha. Maji yalitoka kwa nguvu. Bi Sumu alilia. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, pua inamtoka, mabega yanapanda na kushuka, na Mama hakumwachia mkono wala hakumwambia anyamaze.

"Kinauma?"

"Kinauma sana."

"Afadhali," Mama alisema.

Walikaa hivyo mpaka maji yakawalowesha mikono yote miwili. Kisha Mama, bado ameshika kidole, aliuliza kama vidonge viko kwenye mkoba. Vilikuwepo; Bi Sumu alikuwa akivibeba kila siku, asijue ni kwa nini. Mama alinyoosha kiganja chini ya bomba lile lile ateke maji ya kumezea, na Bi Sumu, katikati ya kilio, alimzuia mkono.

"Humu ndani hatunywi maji, Mama. Ni sheria."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Basi wakatoka hadi kwenye benchi la koridoni, Bi Sumu ameinua kidole hewani, Mama ameshikilia bega lake badala ya fimbo. Chupa ya maji ilikuwa kwenye mkoba. Mama alimeza cha kwanza, akakunja uso, akasema kweli hivi ni vya ng'ombe. Kisha akafungua kiganja tena akangoja cha pili.